Anwani za Kurasa za Kamusi: Namna ya Kuziandika Zisomeke na Zidumu

Neno *anwani*, lenye asili ya Kiarabu, hubeba maana mbili katika Kiswahili: kichwa cha maandishi, kama vile anwani ya shairi au ya kitabu, na maelezo ya mahali anapopatikana mtu au ilipo ofisi. Katika tovuti maana hizo mbili hukutana. Anwani ya ukurasa humfikisha msomaji mahali ulipo, na papo hapo humdokezea kilichomo kabla hajaufungua. Anwani inayoishia kwa /ukurasa?id=4827 hutimiza kazi ya kwanza tu; inayoishia kwa /maneno/methali hutimiza zote mbili.

Sehemu za anwani

Anwani huanza kwa itifaki (https), ikafuatwa na kikoa, yaani jina la tovuti, kisha njia, ambayo ni sehemu inayofuata mkwaju wa kwanza baada ya kikoa. Katika kikoa, herufi kubwa na ndogo hazitofautishwi. Katika njia, seva nyingi huzitofautisha; hivyo /Methali na /methali huweza kuhesabiwa kuwa kurasa mbili. Kwa sababu hiyo, njia yote huandikwa kwa herufi ndogo, hata pale neno lenyewe linapostahili herufi kubwa, kama vile *Kiswahili* au *Mombasa*.

Anwani haipokei nafasi kati ya maneno. Nafasi ikiachwa, kivinjari huigeuza kuwa %20, na msomaji hukutana na kitu kama matumizi%20ya%20amba. Badala yake hutumiwa kistari: matumizi-ya-amba. Kistari cha chini (_) hakipendekezwi. Kiungo kinapopigiwa mstari, alama hiyo hufichika na kuonekana kama nafasi. Tena Google hushauri wenye tovuti watumie kistari cha kawaida kutenganisha maneno.

Ifahamike kwamba maneno yaliyomo katika anwani huchangia kidogo tu katika kuupandisha ukurasa kwenye matokeo ya utafutaji. Faida yake kubwa ni kwa binadamu: anayeona orodha ya matokeo hutambua upesi ni kiungo kipi kinajibu swali lake.

Tatizo la ritifaa

Alfabeti ya Kiswahili haina herufi zenye alama za juu au za chini, kwa hiyo maneno yake mengi huingia katika anwani bila kubadilishwa. Kizuizi kikubwa ni ritifaa ya *ng'*. Programu nyingi huigeuza kuwa %27, na *ng'ombe* akawa ng%27ombe. Isitoshe, simu na programu za kuandikia mara nyingi huweka ritifaa iliyopinda badala ya iliyonyooka. Kwa jicho la msomaji alama hizo ni kitu kimoja. Kwa kompyuta ni mbili, na ile iliyopinda hugeuka kuwa %E2%80%99. Mwanafunzi anaweza kuandika neno kwa usahihi kabisa na bado akaambiwa kuwa ukurasa haupo.

Wengi huamua kuifuta ritifaa. Kwa *ng'ombe* hasara ni ndogo, kwa kuwa hakuna neno *ngombe* la kugongana nalo. Lakini *ng'oa* ni kutoa kitu kilichoshika kwa mizizi, kama mti au jino, ilhali *ngoa* ni wivu au tamaa. Ritifaa ikifutwa, maneno mawili hugombania anwani moja, na mfasiri anayefuata kiungo huweza kupelekwa kwenye maana isiyohusika.

Njia salama ni kuweka kistari mahali pa ritifaa: /ng-ombe, /ng-oa. Kisha /ngombe huelekezwa kwenye /ng-ombe, kwa kuwa wapo wanaoandika hivyo kwa haraka. Ama /ngoa, hubaki ukurasa wa neno lake, ukiwa na dokezo juu linalomwelekeza anayetafuta *ng'oa*. Ndani ya kurasa zote, kidahizo huandikwa kwa tahajia sanifu, asije mtu akaichukulia anwani kuwa mwongozo wa tahajia.

Maneno yenye umbo moja

*Kaa* ni kiumbe wa pwani, ni kipande cha makaa, na ni kitenzi. Kamusi zilizochapishwa hutofautisha vidahizo vya namna hii kwa tarakimu, na wengine huihamishia desturi hiyo kwenye anwani: /kaa-1, /kaa-2, /kaa-3. Kitabuni tarakimu hazibadiliki hadi toleo jipya. Katika tovuti inayohaririwa kila mara, kidahizo kipya kikiingizwa katikati, /kaa-2 ya jana huwa /kaa-3 ya leo, na kiungo cha zamani humfikisha msomaji kwenye neno lingine bila onyo lolote. Ni bora kutumia maelezo yasiyotegemea mpangilio: /kaa-kiumbe, /kaa-la-moto, /kaa-kitenzi.

Vitenzi navyo vinahitaji uamuzi mmoja. Kamusi huandika *-soma* au *soma*. Wasomaji wengi hutafuta *kusoma*. Lolote litakalochaguliwa, lifuatwe kwa vitenzi vyote, na maumbo mengine yaelekezwe huko.

Viunganishi visifutwe

Miongozo mingi iliyoandikwa kwa Kiingereza hushauri kuondoa maneno madogo ili kufupisha anwani. Katika Kiswahili ushauri huo hauna budi kupimwa. *Mkono wa birika* ni nahau inayomhusu mtu mchoyo. /Mkono-birika si nahau wala si kirai cha Kiswahili. Kiunganishi *wa* hubeba upatanisho wa kisarufi, nacho huchukua herufi mbili tu. Anwani ifupishwe kwa kuondoa tarehe, majina ya idara na ngazi za ziada, si kwa kuondoa sarufi.

Anwani isibadilike

Tim Berners-Lee, mwanzilishi wa Wavuti, alitetea mwaka 1998 kwamba anwani nzuri ni ile isiyobadilika. Kwa kamusi, jambo hili lina uzito wa pekee. Mwalimu huweka anwani katika maandalio ya somo na mfasiri huiweka katika faharasa ya mteja. Ukurasa ukihamishwa bila maelekezo, seva hujibu kwa namba 404, yaani haukupatikana, na ushahidi wa mfasiri hupotea. Pale ambapo mabadiliko hayaepukiki, anwani ya zamani huelekezwa kwenye mpya kwa namba 301, inayovijulisha vivinjari na injini za utafutaji kwamba uhamisho ni wa kudumu. Namba 302 huashiria uhamisho wa muda, hivyo haifai kwa kazi hiyo.

Kabla ya kuchapisha ukurasa, anwani yake na isomwe kwa sauti. Ikiwa mwalimu anaweza kuitamka darasani, na mwanafunzi aliye nyuma akaiandika bila kuuliza iwapo kuna herufi kubwa au alama ya asilimia, imefaulu.