JE, KUBANA MATUMIZI KWATOSHA KUPUMZIKA MAPEMA?



Watumishi wengi wa umma waweza kustaafu kwa hiari wafikapo miaka 55, wakapata pensheni. Mkulima wa tumbaku hapa Tabora hulipwa kwa msimu, deni la pembejeo likiisha kukatwa, uzeeni hujitegemea.

Tupige hesabu. Awekaye shilingi moja katika kila tano tangu umri wa miaka 25, afikapo 45 ana akiba ya kumlisha miaka 5 tu, iwapo bei hazikupanda. Basi, kubana matumizi peke yake hakutoshi.

Wapagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19 walilipwa nguo. Baadhi yao waliporejea kutoka pwani walizigeuza kuwa ng'ombe, mali izaayo. Nasi akiba yetu iwe hisa, mifugo na mizinga ya nyuki. Ndugu Makatibu, wasomeeni wanachama hesabu hii kabla ya siku ya malipo.