Bampa ya bei kali ao ya bei ndogo: koperative ichague gani?

Tangu mvua zianze, makoperative kadhaa ya Kivu yanatuuliza swali moja: Land Cruiser yetu ya kubeba kahawa na miche, bampa yake ya mbele imepindika. Tuagize ile ya kutoka Australia, tununue ya bei ndogo ya magazini, ao tumupe fundi wa suduri atuundie? Kwa sababu ni feza ya wanamemba wote, tunajibu hapa, wote wasome.

Tuanze na kazi ya chuma hiyo. Bampa gari inayotoka nayo kiwandani ni nyepesi, inatosha kugongwa kidogo mujini. Bampa ngumu ya porini iko na kazi ingine: kulinda radiatere na taa wakati ng'ombe anaruka barabarani, kubeba winchi, na kutoa fasi ya kufunga kamba wakati gari imezama katika potopoto. Kazi hiyo ya mwisho ndiyo inatofautisha bampa nzuri na mbaya. Rangi na umbo vinadanganya macho.

Mwezi wa nne, upande wa Kalehe, gari ya koperative moja ilizama na matunda ya kahawa ndani. Munajua namna iko: matunda mabivu yanapaswa kupita kwa mashine siku ileile, kesho yake yamekwisha kuanza kuchacha. Kamiyo moja ikakubali kuivuta. Wakafunga kamba kwa pete ya bampa mpya, ya bei ndogo, yenye kung'aa. Kamiyo ilivuta mara mbili tu, pete ikang'oka na kipande cha bamba, ikaruka mpaka kwa kioo cha nyuma cha kamiyo. Hakuna mtu aliyeumia, Mungu asifiwe, lakini matunda yalilala pale njiani na bei yake ikaanguka. Tulipoangalia ile bampa, pete ilikuwa imeunganishwa kwa bamba jembamba tu, suduri ya upande mumoja, na nyuma yake hakuna kitu kinachofika kwa shasi.

Ndiyo maana ya ile bei kali. Kampuni kama ARB, iliyoanza Melbourne mwaka 1975, haiuzi chuma peke yake. Vishikio vyake vinaingia vizuri kwa shasi ya gari ileile iliyotengenezewa, hewa inapita mpaka kwa radiatere, na kama gari iko na mifuko ya hewa ya kulinda shofere, bampa haiichanganye ile mitambo inayopima ajali. Kwa gari mpya jambo hilo ni kubwa. Kwa Land Cruiser nyingi za zamani tunazotumia, ambazo hazina mifuko hiyo, ni kulipia kitu ambacho hamutakitumia. Na bei yenyewe inapita dola 1.000 kirahisi, mbele ya usafiri na duane.

Sisi tunaona hivi: ya magazini isiyo na jina, yenye kuiga umbo la ile ya bei kali, ndiyo ya kukimbia. Kati ya fundi muzuri wa Goma, Bukavu ao Butembo na kampuni ya Australia, koperative nyingi zitafanya vizuri kwenda kwa fundi, lakini zimusimamie.

Kumusimamia namna gani? Mafundi wengi wanafikiri chuma kinene ndicho kizuri. Hesabu ni hii: bamba la chuma la metre moja kwa metre moja, unene wa milimetre 3, linafika karibu kilo 24. La milimetre 6 ni kilo 47. Ongeza bomba na winchi, munapita kilo 100 bila kushangaa. Gunia ya kahawa ya kuuza inje ni kilo 60. Kwa hiyo munabeba karibu magunia mawili mbele ya gari kila siku, hata ikienda bule, na kwa sababu uzito huo unaninginia mbele ya magurudumu, resori za mbele zinausikia kuliko kilo zake zenyewe. Resori zinalala, pine zinakwisha upande mumoja, shofere analaumiwa. Milimetre 3 ao 4 inatosha, kama imekunjwa vizuri na kutiwa mbavu ndani.

Unene muutafute kwa vishikio vinavyokwenda kwa shasi. Hapo usikubali suduri juu ya shasi yenyewe, moto unadhoofisha chuma chake. Ifungwe kwa buloni, na juu ya kichwa cha kila buloni muone namba 8.8 ao 10.9. Buloni isiyo na namba ni ya kufungia muzinga wa nyuki, si gari. Winchi moja ya kawaida inavuta mpaka kilo 5.400; nguvu yote hiyo inapita kwa buloni chache tu. Pete za kuvutia nazo zipite katika bamba na kuungwa pande zote mbili, ndani na inje.

Tena, mumukataze fundi kupaka rangi mbele hamujaona kazi. Rangi inaficha suduri mbaya sawa vile chapati inafunika maharagwe. Tuma shofere na memba mumoja wa kamati waangalie chuma kikiwa uchi, wapapase kila muungo, waangalie kama maji ya mvua yanapata tundu ya kutokea chini. Halafu rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi nyeusi. Nusu ya malipo ibaki mpaka siku hiyo.

Kuna jambo moja wengi hawapendi kusikia. Barabara zetu zimejaa watu: wamama wenye kutoka soko, watoto wa masomo, vijana wa chukudu. Bampa ya pembe kali inavunja mtu hata kwa mwendo mudogo. Ulaya waliweka sheria juu ya vyuma hivyo vya mbele mwaka 2005, sababu ya watembea kwa miguu. Kwetu, mumuombe fundi azungushe pembe zote na asiweke vyuma vyenye kutokeza mbele. Haiongezi bei.

Na koperative ambayo gari yake haiachi barabara kubwa? Hiyo inyooshe bampa yake ya zamani, feza iende kwa pine nzuri na turubai isiyovuja. Tumekwisha kuona gari yenye bampa ya fahari na pine laini kama yai, imekwama fasi ambayo pikipiki zinapita.

Mukiisha kufunga bampa mpya, safari ya kwanza mukirudi, kazeni buloni zote tena, sababu chuma kipya kinakaa polepole na buloni zinalegea. Na siku ya kuvutwa, tandikeni gunia yenye maji juu ya kamba, katikati, na watu wote wasimame mbali.