Mafunzo ya kujiokoa baharini: Cheti pekee hakimtoshi baharia

ZINAPOTAJWA ajali za majini, wengi hukumbuka Mv Spice Islander I iliyozama karibu na Nungwi Septemba 2011, au Mv Skagit iliyozama karibu na Chumbe Julai 2012. Boti ndogo za biashara, kama zile zinazopeleka watalii Mbudya na Bongoyo, hazitajwi sana, ingawa mabaharia wake ni wawili au watatu tu na hawana wa kuwasaidia mambo yanapoharibika.

Mmiliki anayetaka kuwapeleka mafunzoni aulize kwanza Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC) au, kwa Zanzibar, Mamlaka ya Usafiri Baharini (ZMA), ni cheti gani kinachotakiwa kwa chombo chake. Mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia wa mwaka 1978, STCW, hauhusu vyombo vya uvuvi wala vya mbao vya kienyeji. Huko hutawala sheria za nchi.

Hata hivyo, kozi ya msingi ya mkataba huo ni kipimo kizuri. Ina kujiokoa, kuzima moto, huduma ya kwanza na usalama kazini. Katika kujiokoa, mwanafunzi hutakiwa kuruka majini kutoka juu, kuogelea akiwa na jaketi la kuokolea na kupindua boya la kujazwa hewa lililofudikia. Chuo kinachoyafundisha hayo ubaoni tu, bila bwawa wala bahari, kinauza karatasi. Uwezo huo hupaswa kuthibitishwa upya kila baada ya miaka 5.

Jambo la pili ni ukubwa wa chombo. Somo la kushusha mashua za uokoaji kwa winchi halimfai sana mwenye boti ya mita 8. Yeye anahitaji kujua kwamba maji husambaza moto wa petroli, namna ya kuomba msaada kwa redio ya VHF chaneli 16, na jinsi watu wawili wanavyoweza kumpandisha aliyetumbukia.

Kosa la kawaida ni kumsomesha nahodha peke yake. Anayetumbukia anaweza kuwa ni yeye, na hapo anayebaki na usukani ni kijana asiyewahi kuigusa redio. Kwa boti za watalii, masika ya Aprili na Mei, wageni wanapopungua, ndiyo nafasi ya kuwapeleka wote.