Anayenyamaza Naye Anaumwa: Maumivu Sugu na Wagonjwa wa Tarime na Serengeti

Katika mila za Wakurya wa wilaya za Tarime na Serengeti, anayetahiriwa hufundishwa kwamba ushujaa huonekana usoni. Hatakiwi kulia, kukunja uso wala kutikisika. Akifanya hivyo, aibu haiishii kwake, bali huwafikia wazazi na ukoo mzima. Fundisho hilo halibaki uwanjani. Miaka ishirini au arobaini baadaye, mtu huyo huyo huketi mbele ya tabibu wa zahanati, mikono juu ya magoti, akasema kwa sauti ya kawaida kwamba mgongo unamsumbua kidogo. Tabibu haoni chozi wala hasikii kilio. Huandika parasetamo ya siku tatu, akamwita mgonjwa anayefuata.

Nakiri kwamba nami nilikuwa tabibu wa namna hiyo. Nilipokuwa daktari mchanga katika hospitali moja ya Kanda ya Ziwa, alinijia mama mmoja kwa mara ya nne akilalamikia maumivu ya chini ya tumbo. Vipimo vyote vilikuwa safi, nami nikamwambia kwamba hana tatizo. Alisimama mlangoni akaniuliza: “Daktari, kama sina tatizo, kinachoniuma ni nini?” Sikuwa na jibu. Muuguzi mtu mzima, aliyezungumza naye Kikurya kwenye benchi la nje, ndiye aliyebaini kwamba maumivu yalitoka kwenye kovu la ukeketaji. Mimi sikuwa nimeuliza, wala sikuwa nimemkagua.

Maumivu sugu ni nini?

Maumivu huitwa sugu yanapodumu au kurudiarudia kwa zaidi ya miezi mitatu. Maumivu ya ghafla ni kama mbwa anayebweka mwizi anapoingia bomani. Hutuonya, na hatari ikipita hunyamaza. Maumivu sugu ni mbwa anayeendelea kubweka hata baada ya mwizi kuondoka. Mishipa ya fahamu, uti wa mgongo na ubongo hubadilika, vikawa vyepesi kupokea na kukuza taarifa za maumivu. Ndiyo sababu picha ya eksirei na kipimo cha damu vinaweza kuwa safi ilhali mgonjwa anaumwa kweli. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, limeyapa maumivu sugu nafasi yake yenyewe. Kwa hiyo kauli kwamba “huna tatizo” si sahihi kitaalamu, mbali na kuwa inavunja moyo.

Yaliyojificha nyuma ya ukimya

Kwa wakulima na wafugaji wa Mara, lalamiko linalosikika sana ni mgongo. Mara nyingi chanzo ni kazi ya kuinama na kubeba mizigo. Hata hivyo, mgonjwa mwenye maumivu ya mgongo au viungo, homa za vipindi na jasho la usiku achunguzwe kwa makini. Huenda ana brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo kupitia maziwa yasiyochemshwa au kugusa kondo la mnyama aliyetupa mimba. Huenda pia ana kifua kikuu cha uti wa mgongo. Yote mawili hutibika. Miguu ikianza kulegea, ganzi ikishika sehemu za siri au mkojo ukishindwa kudhibitiwa, hiyo ni dharura. Mgonjwa apewe rufaa siku hiyo hiyo.

Kundi la pili ni wagonjwa wa selimundu. Chembe za damu zenye umbo la mundu huziba mishipa midogo, na mifupa hukosa hewa ya oksijeni. Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye wagonjwa wengi nchini, kwa sababu mtu mwenye kinasaba kimoja tu cha selimundu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Wagonjwa hawa wakizoea maumivu, hujifunza kuongea na hata kucheka huku wakiumwa. Baadhi yetu huwaona tukadhani wanaigiza ili wapewe sindano. Huo ni ukatili usiokusudiwa. Mgonjwa wa selimundu anayefika na maumivu makali apewe dawa ya kutosha ndani ya saa moja, kisha apimwe tena. Akiwa nyumbani, dawa ya haidroksiyurea hupunguza idadi ya vipindi vya maumivu, hivyo aulizie kliniki inayoitoa.

Kundi la tatu ndilo linalonyamaza zaidi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 28 ya wanawake wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, ilhali kwa nchi nzima ni asilimia 8. Ukeketaji huacha kovu gumu, vivimbe vyenye majimaji mazito, au fundo chungu kwenye ncha ya mshipa wa fahamu uliokatwa. Mwanamke huumia akikaa, akikojoa au wakati wa tendo la ndoa, na wengi hudhani ndiyo sehemu ya kuwa mwanamke. Vivimbe na mafundo haya yanaweza kuondolewa kwa upasuaji, na maumivu yanayobaki yana dawa. Wengine huficha kwa kuogopa sheria. Wafahamu kwamba sheria ya 1998 inamwadhibu anayemkeketa au kumkeketesha msichana wa chini ya miaka 18. Aliyekeketwa hana kosa, na kutibiwa ni haki yake.

Kwa mhudumu: uliza kazi, usingoje kilio

Kipimo cha sifuri hadi kumi ni kizuri, lakini kwa mtu aliyelelewa kutoonyesha maumivu, namba hiyo huwa ndogo kuliko ukweli. Muulize kuhusu maisha yake. Je, bado anapalilia shamba mpaka mwisho wa mstari? Anabeba ndoo ya maji kutoka kisimani, au sasa anamtuma mtoto? Anaamka mara ngapi usiku? Ameacha kazi gani tangu mwaka jana? Majibu hayo yaandikwe kwenye kadi, na ziara inayofuata yaulizwe tena. Mwanamke aulizwe faraghani, bila mume wala mama mkwe, na akaguliwe kwa idhini yake.

Dawa kwa kiasi na kwa sababu

Parasetamo isizidi gramu 4 kwa siku kwa mtu mzima, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Diklofenaki husaidia kwa siku chache, lakini kuinunua dukani kila wiki kwa miezi huleta vidonda vya tumbo, huharibu figo na kupandisha shinikizo la damu. Maumivu ya kuwaka moto au kuchoma kama sindano hutokana na mishipa ya fahamu. Hayo husikia zaidi amitriptilini ya dozi ndogo usiku. Mgonjwa aelezwe kwamba dawa hiyo hutumika pia kwa sonona, asije akadhani ameonekana ana wazimu. Mazoezi tiba nayo ni dawa. Kulala kitandani majuma kwa majuma hudhoofisha misuli na kuzidisha maumivu.

Mofini ya kunywa ni kwa maumivu makali, hasa ya saratani, na kwa selimundu inapobidi. Si tiba ya kila mgongo. Lakini hofu yetu imewanyima wanaostahili. Uganda, ambako Dkt. Anne Merriman alianzisha huduma ya tiba shufaa mwaka 1993, iliruhusu mwaka 2004 wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu kuiandika. Huko imedhihirika kuwa mofini ya maji inaweza kutolewa kwa usalama hadi nyumbani kwa mgonjwa. Ianzwe kwa dozi ndogo, iongezwe kwa uangalifu, na iambatane na dawa ya kulainisha choo.

Kwa mgonjwa: sema

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Ukija kliniki, usiseme tu kwamba unasumbuliwa kidogo. Sema yalianza lini, yako wapi, yanachoma au yanabana, na yamekuzuia kazi gani. Njoo na maganda ya dawa zote ulizotumia, za dukani na za kienyeji. Dawa ikishindwa, rudi ueleze. Na kama haupati nafuu, omba rufaa ya hospitali ya wilaya, ya mkoa Musoma, au Bugando. Kuomba si utovu wa adabu. Tukubaliane pia kwamba lengo si lazima maumivu yaishe kabisa. Kulala usiku na kurudi shambani ni ushindi.

Swali la yule mama bado ninalo. Sasa, kila vipimo vinaporudi safi, humwambia mgonjwa: “Ninaamini unaumwa. Tuanze kutafuta pamoja.” Maneno hayo hayahitaji maabara wala bajeti, na zahanati yoyote ya Tarime au Serengeti inaweza kuanza kuyatumia kesho asubuhi.