Kompyuta Ikigoma Kuwaka: Okoa Data Kwanza, Mashine Baadaye

Juma moja kabla ya Kipaimara, kompyuta ya ofisi ya parokia tunakofanya utume hapa Singida Mjini iliwashwa, ikaonyesha nembo, ikaganda hapo hapo. Ndani yake mlikuwa na orodha ya waimarishwa, pamoja na majina ya vitabu vya Ubatizo ambayo katibu ameyachapa kwa miezi kadhaa. Fundi wa kwanza alisema bila hata kuifungua: "Hii tupige Windows upya." Tulimwomba asubiri.

Kupiga Windows upya kunaweza kufuta kila kitu. Katika somo la Mantiki tunafundishwa kutotoa hitimisho lisilotokana na hoja zake. Kompyuta kutowaka si sawa na data kupotea. Data hukaa kwenye diski. Chaja, skrini, RAM na Windows vinaweza kuharibika huku diski ikiwa nzima. Basi tujiulize maswali kwa mpangilio.

Kwanza, je, umeme unafika? Jaribu soketi nyingine na chaja nyingine ya aina ileile. Kama ni kompyuta mpakato, chomoa chaja, toa betri ikiwa inatoka, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, kisha jaribu kwa chaja peke yake.

Pili, je, inawaka lakini skrini ni nyeusi, au inatoa milio? Kwa upepo na vumbi la Singida, angalia RAM. Chomoa umeme, itoe, futa meno yake polepole kwa kifutio, uirudishe mpaka ibane.

Tatu, je, inawaka lakini Windows haifunguki? Sikiliza diski. Ikigonga-gonga, zima na usiiwashe tena, maana kila kuiwasha kunaweza kuongeza madhara. Mpelekee mtaalamu wa kuokoa data. Ikiwa haigongi, andaa flashi yenye Ubuntu kwenye kompyuta nyingine. Flashi iwe tupu, kwa sababu kuiandaa hufuta kilichomo. Washa kompyuta kwa flashi hiyo, chagua kujaribu Ubuntu bila kuisakinisha, kisha nakili mafaili kwenye diski ya nje. Au toa diski, uiunganishe na kompyuta nyingine kwa kifaa cha USB. Ukiulizwa kama unataka kufomati, kataa. Diski iliyofungwa kwa BitLocker itadai ufunguo wa tarakimu 48, hivyo utunze mapema.

Kwetu tatizo lilikuwa la tatu. Jioni ile orodha yote ilikuwa kwenye diski ya nje, na hapo ndipo tulipomwambia fundi: "Sasa piga Windows."

Kanuni ya 535 ya Sheria za Kanisa inaitaka kila parokia iwe na vitabu vya Ubatizo, ndoa na marehemu, na paroko ahakikishe vinatunzwa vizuri. Kompyuta inasaidia tu, haichukui nafasi ya kitabu. Tuwe na nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, na moja ikae nje ya ofisi, mahali salama, kwani hizo ni habari za watu. Tahadhari kabla ya hatari.