CHAWA WA MAKUMBUSHO NA KUMBUKUMBU ZAO

Katika majumba makubwa ya makumbusho, kama lile la viumbe lililoko London, wamehifadhiwa chawa wengi waliokufa, wamebandikwa juu ya vipande vya kioo ili watazamwe kwa hadubini. Asiyejua huenda akashangaa kwa nini hutunzwa wadudu ambao kila mfugaji hutamani wasiwepo. Katibu wa chama aliyezoea kutunza vitabu ataielewa sababu yake upesi.

Wengi wa wadudu hao si chawa wanyonyao damu ya binadamu, bali ni chawa watafunao. Hao hula manyoya na magamba ya ngozi kwa taya zao. Walio wengi huishi juu ya ndege. Wengine huishi juu ya ng'ombe, mbuzi na kondoo. Chawa hana mabawa. Hutaga, hukua na kufa juu ya mwenyeji wake, na akitengwa naye hafikishi siku nyingi. Ndiyo maana aina nyingi zimefungamana na mwenyeji wa aina moja, au wa aina chache zilizo jamaa. Chawa wa mbuzi hawezi kustawi juu ya kuku.

Mtaalamu anapotangaza aina mpya, humteua mdudu mmoja awe kielelezo cha jina hilo. Kielelezo ni kama jiwe la mizani lililothibitishwa: ubishi ukitokea, watu hurudi kulinganisha nalo. Pamoja nacho huwekwa karatasi yenye jina la mwenyeji, mahali, tarehe na jina la aliyemkusanya. Mwaka 1952, G. H. E. Hopkins, aliyewahi kufanya kazi ya utaalamu wa wadudu nchini Uganda, na Theresa Clay wa London, walitoa orodha kubwa ya majina ya chawa hao. Orodha hiyo ilikuwa kama leja, na vielelezo vilikuwa stakabadhi zake.

Lakini stakabadhi ikikosewa, leja nayo hupotoka. Njiwa msafiri wa Marekani, ambaye zamani aliruka kwa makundi ya mamilioni, alitoweka kabisa pale njiwa wa mwisho, aliyeitwa Martha, alipokufa katika bustani ya wanyama ya Cincinnati tarehe 1 Septemba 1914. Mwaka 1937 chawa mmoja wa njiwa huyo alipewa jina la Columbicola extinctus, yaani aliyetoweka. Mwaka 1969 chawa wa pili, Campanulotes defectus, naye aliandikwa kuwa wa njiwa huyo. Ikaaminika kuwa wote wawili walikufa pamoja na mwenyeji wao.

Wataalamu walipovipitia upya vielelezo, hesabu ilibadilika. Mwaka 1999 ilionekana kwamba yule wa kwanza angali hai juu ya njiwa mwingine wa Marekani, mwenye utepe mkiani. Mwaka 2000 yule wa pili akaonekana kuwa, kwa dalili zote, ni chawa wa njiwa wa Australia, ndege ambaye porini hangeweza kukutana na njiwa msafiri. Bila shaka chawa au karatasi zilichanganywa. Kwa miaka zaidi ya 30 vitabu vilimhesabu kuwa mfu mdudu aliye hai. Kosa halikugunduliwa kwa kukisia, bali kwa sababu kielelezo kilikuwapo na kiliweza kukaguliwa.

Funzo hili lawahusu pia wanachama wafugao. Chawa wapelekwao kwa bwana mifugo bila maelezo humsaidia kidogo tu. Inafaa wadudu wa kila mnyama watiwe katika chupa yao yenye spiriti, wala wa kuku wasichanganywe na wa mbuzi. Ndani ya chupa iwekwe karatasi yenye jina la mnyama, kijiji, tarehe na jina la mkusanyaji, nayo iandikwe kwa penseli, kwa kuwa wino huyeyuka katika spiriti. Kumbukumbu isiyo na mwenyeji ni sawa na mzigo wa pamba uliopokelewa ghalani bila jina la mkulima: mali ipo, lakini mwenyewe hajulikani.