Mkanda mweusi kiunoni, mwalimu yuko mbali: Namna ya kuilinda kata ukiwa nyumbani

Na Mwandishi Wetu, Mbinga

KUFUNGA mkanda mweusi ni ndoto ya kila anayeingia katika dojo la karate. Hata hivyo, wapo ambao miaka michache baada ya kuupata hujikuta wakisita katikati ya kata ile ile waliyoifanya kwa ufasaha siku ya mtihani.

Mara nyingi sababu si uvivu. Mwalimu wa shule au muuguzi aliyejifunzia karate Dar es Salaam hupangiwa kazi Mbinga mjini, au kule chini ziwani Mbamba Bay, Liuli na Lituhi. Kutoka huko hadi kwa mwalimu wake wa karate ni safari ya kilometa zipatazo 1,000 au zaidi. Kinachobaki ni mwili wake, kumbukumbu yake na kipande cha uwanja nyuma ya nyumba.

Je, mazoezi ya peke yake yanatosha? Kwa upande wa kata, jibu ni ndiyo, ilimradi yafanywe kwa utaratibu. Kata ni sehemu ya karate iliyoundwa ili mtu aweze kuifanya bila mwenzi.

Kata ni nini?

Kata ni mfululizo wa mapigo, kinga, mateke na mizunguko uliopangwa tangu zamani, ambapo mtu hupambana na wapinzani wa kufikirika. Nyingi huchukua kati ya dakika moja na tatu. Mtindo wa Goju-ryu una kata 12 na Shotokan una 26.

Wakazi wa mwambao wa Nyasa hawatapata shida kulielewa jambo hili. Ngoma ya mganda huchezwa kwa mistari na kwa hatua zinazofuatana kama gwaride, na anayekosea hatua huonekana mara moja. Kata nayo ina mpangilio wa namna hiyo, isipokuwa haina ngoma ya kumkumbusha mchezaji wala jirani wa kumtazama.

Nchini Tanzania, Goju-ryu ilipata mizizi katika miaka ya 1970 kupitia Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mwenye asili ya Afrika, aliyefundisha Dar es Salaam katika dojo lililojulikana kwa jina la Zanaki. Mtindo wenyewe uliasisiwa na Chojun Miyagi (1888-1953) wa kisiwa cha Okinawa, Japani.

Mkanda mweusi ni mwanzo

Utaratibu wa kutoa madaraja ya dan ulianza katika judo, pale Jigoro Kano alipowapandisha wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1883. Gichin Funakoshi, aliyeipeleka karate Tokyo mwaka 1922, aliufuata mwaka 1924. Daraja la kwanza huitwa shodan, yaani ngazi ya mwanzo. Aliyelifikia amehitimu kujifunza herufi. Kusoma ndiko kunakofuata.

Funakoshi mwenyewe alikuwa mwalimu wa shule. Katika kumbukumbu za maisha yake anaeleza jinsi alivyokuwa akifundisha mchana na kwenda usiku nyumbani kwa mwalimu wake, Azato, akibeba taa pale ambapo hapakuwa na mbalamwezi. Alitumia takribani miaka 10 katika kata tatu tu za Tekki. Anayelalamika kwamba hana kata mpya ya kujifunza Mbinga angefaa kuutafakari mfano huo.

Jinsi kata inavyopotea

Kata haipotei kwa siku moja. Kwanza, miguu huanza kunyooka. Anayepaswa kusimama chini huinuka kidogo kidogo kwa kuwa mapaja yamechoka na hakuna wa kumkemea. Pili, mwendo huwa wa haraka, mapigo mawili yakaunganishwa kuwa moja. Tatu, macho huacha kutangulia kwenye mzunguko, na mwili ukageuka kabla ya kutazama.

Nne, kata zinazofanana huchanganyika. Gekisai ya kwanza na ya pili, kwa mfano, huanza kwa njia moja kisha zikaachana. Asiye makini huanza na moja na kumalizia na nyingine.

Dawa yake ni kuifanya kata polepole, bila nguvu, ukisimama baada ya kila hatua na kukagua miguu, nyonga, mkono na macho. Kisha ianze ukiwa umeelekea upande mwingine. Anayekumbuka kata kwa kuangalia mlango na dirisha hupotea mara tu anapogeuzwa. Anayeikumbuka kwa mwili hapotei.

Kipimo kingine ni mahali unapomalizia. Kata nyingi huishia pale zilipoanzia au karibu sana. Chora alama chini. Ukimaliza mbali na alama, kuna hatua uliyofupisha au kuirefusha.

Sebule, uwanja na mchanga

Chumba cha kupanga hakina nafasi ya kata ndefu, lakini si kisingizio. Tekki huchezwa kwenye mstari mmoja, kulia na kushoto, na Sanchin huhitaji hatua chache tu za mbele na nyuma. Kata ndefu inaweza kukatwa vipande, kila kipande kikafanywa peke yake, kisha ikaunganishwa yote siku utakapopata uwanja.

Sakafu ya saruji huumiza visigino na magoti, hivyo mateke ya kuruka na kukanyaga kwa nguvu yapunguzwe. Huku Mbinga, kwenye milima ya Umatengo, asubuhi za Juni na Julai huwa na baridi kali; misuli ipashwe moto kwa muda mrefu zaidi kabla ya teke la kwanza. Wakati wa masika, udongo ulioloa huteleza, na kugeuka kwa kasi juu yake ni kujitafutia ajali.

Mchanga wa ufukweni Mbamba Bay huvutia, na hakika huimarisha miguu. Tatizo ni kwamba mguu ukizama, kiwiliwili hugeuka lakini unyayo hubaki, na goti ndilo linaloumia. Mizunguko ifanywe kwenye mchanga mgumu ulioloa, au unyayo uinuliwe kwanza kabla ya kugeuka.

Kata za kukaza mwili, kama Sanchin, zinahitaji uangalifu wa pekee. Kukaza misuli huku umezuia pumzi hupandisha shinikizo la damu. Pumzi itoke muda wote wa pigo, na mwenye maradhi ya moyo au shinikizo la damu amwone daktari kabla ya kuanza.

Utaratibu wa wiki

Dakika 30 kwa siku nne za wiki zina faida kuliko saa tatu za Jumapili moja. Siku ya kwanza ifanywe kata moja polepole. Ya pili, kata hiyo hiyo kwa nguvu na kasi yake. Ya tatu, kata za zamani zote, hata zile za mkanda mweupe. Na ya nne, maana ya kila hatua.

Siku hiyo ya nne ndiyo wengi huisahau. Kila kinga katika kata ina sababu: nani anashambulia, kwa mkono upi, kutoka wapi? Asiyejiuliza hayo hubaki akirusha mikono hewani.

Simu ya mkononi nayo inaweza kuwa jicho la mwalimu. Iegemeshe mahali, jirekodi mara moja kwa mwezi, linganisha na ya mwezi uliopita, kisha mtumie mwalimu wako.

Mipaka ya upweke

Pamoja na hayo, lipo ambalo nyumba haiwezi kutoa. Umbali wa mpinzani, muda wa kumwahi na uzito wa pigo la kweli hujulikana mbele ya mtu mwingine. Kosa lililorudiwa mara 1,000 bila kusahihishwa huwa tabia, na kulivunja ni kazi kubwa kuliko kujifunza upya.

Kwa hiyo, sehemu ya likizo ya mwaka itengwe kwa ajili ya kurudi dojo. Aidha, mwenye mkanda mweusi anaweza kumwomba mwalimu wake ridhaa ya kuwafundisha vijana wawili watatu wa mtaani hatua za mwanzo. Atakayelazimika kumweleza mtoto kwa nini mguu huu hutangulia atagundua haraka kama yeye mwenyewe bado anakumbuka.